Bi Somoe na Pishi Mbili za Mgeni

Imepokewa kutoka vinywani mwa mabibi zetu, Mwenyezi Mungu awarehemu, nao waliipokea kwa mabibi zao waliokuwa wakiisimulia huku wakisuka mikeka, kwamba katika mji wa Kitangani, zamani za mawe na chokaa, aliishi mama mmoja mcha Mungu aitwaye Somoe binti Vuai. Kazi yake ilikuwa kupiga dari.

Nyinyi wa siku hizi mmezaliwa chini ya mabati, hamjui dari ilivyokuwa ikipigwa. Basi sikilizeni hili kwanza, maana asiyeijua dari hataujua mtihani wa mama yule. Nyumba ya mawe ikishafika juu, mafundi wanaume hulaza boriti, juu ya boriti hupanga mawe mapana, juu ya mawe humwaga kokoto na chokaa mbichi. Hapo wao huteremka, wakapanda wanawake. Kila mmoja ana kigongo chake cha mti mgumu, wanajipanga mistari, na mmoja wao anatoa wimbo. Wimbo ukipanda vigongo vinapanda, wimbo ukishuka vigongo vinashuka, siku baada ya siku, mpaka chokaa ishikane na jiwe viwe kitu kimoja. Dari ikipigwa vizuri, mvua ya masika hukaa juu yake kama maji katika bakuli. Ikipigwa vibaya, mwenye nyumba atalala na ndoo kitandani.

Mtoa wimbo ndiye kiongozi, na kwa Kitangani nzima mtoa wimbo alikuwa Bi Somoe. Alikuwa na sauti, masha Allah, ikifika sokoni kabla yake yeye mwenyewe. Wimbo wake ulikuwa wa mbio:

*Piga, piga, jua latukimbia!*
*Piga, piga, na chungu chaungua!*

Wanawake waliupenda kwa kuwa ulichangamsha mikono. Wenye nyumba waliupenda zaidi, kwani kazi ilikwisha upesi na wapigaji hula kwa mwenye nyumba. Walikuwako watu waliokuja kusimama njiani ili wausikie tu. Na Bi Somoe, pamoja na uchaji wake, alikuwa akijua kwamba wamekuja.

Sasa ikatokea kwamba masika moja dari ya chuo kilichokuwa ubavuni mwa msikiti ikavuja. Chuo chenyewe ndicho walichosomea watoto wa mji mzima, na dari ile aliipiga Bi Somoe na wenzake. Watoto walikaa na vibao vyao vya kuandikia mapajani, matone yakawaangukia, aya tukufu zikawa maji meusi kwenye kanzu. Mwalimu akalia mbele ya watoto. Mzee Bwanakombo, aliyekuwa msimamizi wa wakfu wa msikiti, akaamuru dari ile ivunjwe, na ipigwe mpya kiangazi hicho kabla ya masika nyingine.

Na kiangazi hichohicho akafika mjini mwanamke mgeni kutoka pande za kaskazini, Kazija jina lake, aliyemfuata binti yake aliyeolewa hapo. Naye pia alikuwa mpigaji dari, tena mtoa wimbo kwao. Watu waliosafiri wakamwambia Mzee Bwanakombo, "Kwa kina Kazija, dari hazijui kuvuja." Mzee akamwita, wakazungumza, wakapatana.

Lakini mali ya wakfu, wajukuu zangu, si mali ya mtu. Haitoki kwa kupendezwa, hutoka kwa ushahidi. Ilikuwa ada ya Kitangani kwamba fundi mgeni halipwi kitu cha wakfu mpaka kazi yake ishuhudiwe na mjuzi wa kazi hiyohiyo. Kwa hiyo Mzee Bwanakombo akatembea mwenyewe mpaka kwa Bi Somoe, akapiga hodi kwa adabu, maana mama huyu alimjua tangu akiwa mtoto wa kubebwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu Bwanakombo. Karibu mkeka."

Akamweleza. Dari ya chuo itagawanywa sehemu mbili. Upande wa kibla atapiga Bi Somoe na wenzake, upande wa mlangoni atapiga Kazija na wanawake wachache atakaowachagua. Chokaa ni moja, kokoto ni moja, siku ni zilezile. Ikishakauka, maji yatafungwa juu tangu asubuhi hadi alasiri. Kisha Bi Somoe ataingia chini peke yake, kama ilivyo ada, mlango ufungwe ili upepo usikaushe jiwe, naye ataipapasa dari kwa kiganja. Atakalosema akitoka, ndilo.

"Wewe ndiye shahidi," alisema Mzee Bwanakombo. "Hatuna mwingine tunayemwamini."

"Na Mungu ndiye shahidi wa shahidi," akajibu Bi Somoe, akakubali. Wala moyoni mwake hamkuwa na kitu siku ile. Alisema, mgeni ni mgeni, apimwe, akifaa karibu.

Kitu kiliingia kesho yake.

Alikuwako mpigaji mmoja aitwaye Mashavu, shoga yake Bi Somoe wa miaka mingi, mwanamke mwenye ulimi ambao haukuwahi kulala njaa. Mashavu alikuwa akienda kutwanga nyumbani kwa Mzee Bwanakombo. Akaja mbio na kanga yake mkononi.

"Somoe! Umekaa?"

"Nimekaa."

"Basi kaa tena. Yule mgeni akishuhudiwa, analipwa pishi mbili za mchele kwa siku. Mbili! Nimesikia kwa masikio yangu, mzee akimwambia mkewe aandae kapu. Sisi tunapewa ngapi?"

Kila mpigaji dari wa Kitangani, na kiongozi wao akiwemo, alikuwa akipewa pishi moja.

"Moja!" Mashavu akajijibu mwenyewe. "Wewe uliyezipiga dari za mji huu mpaka magoti yakalia, moja. Yeye aliyeshuka juzi na hata njia ya kisimani haijui, mbili. Na nani wa kumshuhudia azipate? Wewe! Shoga yangu, wamekupa kisu ujichinje, na wewe umesema bismillahi."

Mabibi zetu walipofika hapa walikuwa wakicheka, kisha wakinyamaza. Maana Bi Somoe hakucheka. Alihisi, wanasema, kama mtu aliyemeza kaa la moto, halishuki wala halirudi. Hakula chakula cha mchana. Aliposwali adhuhuri alijikuta katika sijda anahesabu pishi, akaona haya, akairudia swala yake.

Kazi ikaanza. Wakapanda wote juu ya dari, hawa huku na wale kule. Bi Somoe akatoa wimbo wake wa mbio, sauti ikapaa, vigongo vikalia kama ngoma ya harusi. Watu wakasimama njiani kama kawaida. Halafu Kazija naye akatoa wa kwake, kwa sauti ndogo ya kukwaruza, wala haikuwa sauti ya kusimamisha mtu:

*Shuka chokaa, shuka polepole,*
*kokoto na jiwe mpate mwoane,*
*lisipite tone, usipite upepo,*
*shuka chokaa, shuka utulie.*

Kigongo kilikuwa kikienda juu kidogo, kikishuka, kikikaa. Kikikaa hasa, kama mtu aliyeweka mkono begani kwa mwenzake. Ndipo kinainuka tena.

Mashavu akaweka kigongo chake chini ili apate kucheka vizuri. "Jamani, huo ni wimbo au ni wa kumlaza mtoto? Bi Kazija, dari yako ikilala, nani ataiamsha?"

"Iache ilale, mama," Kazija akajibu bila ya kugeuka. "Ikiamka ndiyo huvuja."

Wanawake wa pande zote mbili wakaangua kicheko. Bi Somoe peke yake hakucheka. Sikio lake lilikuwa la kazi, nalo lilisikia jambo ambalo halikulipenda. Upande wake vigongo vililia *ka, ka, ka*, sauti kavu, ya juu. Upande wa mgeni vililia *du... du...*, sauti ya kitu kinachoshuka. Akaongeza mbio wimbo wake ili asisikie.

Waliendelea hivyo mpaka upande wa Bi Somoe ukamalizika, wakapumzika kivulini, na upande wa Kazija ukawa bado. Mashavu akasema, "Pishi mbili kwa siku, lazima azivute siku." Wenzake wakaona ni neno la kweli. Bi Somoe naye, Mungu amsamehe, alitaka liwe la kweli.

Dari ikaachwa ikauke. Ikafika siku ya maji. Mzee Bwanakombo alisimamia mwenyewe, udongo ukazungushwa kingoni, maji yakamiminwa tangu asubuhi, dari yote ikawa kama kidimbwi, na mbingu ikaonekana ndani yake. Watu wakasubiri. Baada ya alasiri wakakusanyika nje ya chuo: mwalimu, Mzee Bwanakombo, wapigaji wote, na Kazija akiwa amesimama pembeni na binti yake.

Bi Somoe alipokuwa akielekea mlangoni, Mashavu akamshika mkono, akamnong'oneza.

"Toka useme kwake kumetota. Nani ataingia kukuhakiki?"

"Mvua itaingia," akasema Bi Somoe.

"Mvua iko mbali. Basi kama unaogopa, usiseme kubaya. Sema tu kote kukavu. Hujamvunjia mtu heshima, hujamsingizia mtu. Kazi zikiwa sawa, ujira uwe sawa, arudi kwenye moja kama sisi. Kuna dhambi gani hapo?"

Akamwachia mkono. Na neno hili la pili ndilo lililoingia naye ndani, kwa sababu la kwanza lilinuka, na hili halikuwa na harufu.

Mlango ukafungwa. Ndani kulikuwa na mwanga mdogo wa kidirisha. Bi Somoe akapanda juu ya benchi la mwalimu, akasema bismillahi, akainua kiganja chake cha kulia. Akaanza upande wa mlangoni, upande wa Kazija. Akapapasa kati ya boriti na boriti. Jiwe lilikuwa kavu. Akaenda pembeni ambako maji hupenda kujificha. Pakavu. Akaweka shavu lake, kwa kuwa shavu hujua kuliko kiganja. Pakavu, pana uvuguvugu wa mchana.

Akalihamisha benchi upande wa kibla, upande wake yeye. Akainua kiganja.

Kikarudi na unyevu.

Haukuwa mwingi. Haukuwa tone. Ulikuwa ule unyevu wa kiganja cha mtu mwenye hofu, hata akadhani ni jasho lake. Akajifuta kangani, akajaribu tena. Unyevu. Akaweka shavu. Ubaridi ukampita mpaka kwenye jino. Basi akajua. Na akajua lile ambalo sikio lake lilimwambia siku zote zile, naye akalikimbia kwa wimbo: mbio zake zilikuwa zikiwafurahisha walio njiani, na chokaa ilikuwa haipewi nafasi ya kushuka. Dari iliyovuja juu ya vibao vya watoto haikuvuja kwa bahati mbaya. Ilivuja kwa wimbo wake.

Akateremka, akakaa kwenye benchi. Nje watu walikuwa wakingoja.

Wanasimulia kwamba alikaa kitambo, na kwamba alisema na nafsi yake kama mtu anayesema na mtoto mkaidi. Nafsi ikamwambia: Sema kote kukavu. Akaiambia: Na watoto? Ikasema: Utakuja kwa siri uipige upya. Akaiambia: Kwa siri, na vigongo? Wewe umeshawahi kusikia kigongo cha siri? Hapo akacheka peke yake mle ndani, na alipocheka lile kaa la moto likalegea. Nafsi ikajaribu mara ya mwisho: Ukisema kweli, wimbo utakutoka, pishi zitamwendea yeye, na wewe utabaki na nini? Bi Somoe akainua kiganja chake kilicholowa, akakitazama katika ule mwanga mdogo, akasema kwa sauti, "Nitabaki na hiki. Ndicho kitakachoulizwa."

"Bi Somoe!" Mashavu aliita nje. "Umelala huko?"

Akafungua mlango. Watu wakageuka, hata binti wa Kazija akaacha kuzungusha bangili zake.

Mzee Bwanakombo akasema, "Mama, tunakusikiliza, na Mwenyezi Mungu anasikia."

"Upande wa mlangoni, wa Bi Kazija, ni mkavu," akasema Bi Somoe, kwa sauti yake ileile ya kufika sokoni. "Nimepapasa kwa kiganja na kwa shavu. Sijapata kuona dari iliyoshikana vile. Upande wa kibla, wangu mimi, unatota. Masika ikija, utavuja juu ya watoto kama ulivyovuja kwanza. Kosa si la chokaa wala la wenzangu, wao wamefuata wimbo. Kosa ni la wimbo, na wimbo ni wangu."

Mashavu alijiziba mdomo kwa kanga, na hilo, mabibi zetu wakisema, lilikuwa ajabu kubwa kuliko dari.

Mzee Bwanakombo akainamisha kichwa. "Mungu akulipe kheri, mama. Basi ushahidi umetimia, na Bi Kazija anastahili pishi..."

"Bado," akasema Bi Somoe.

"Bado nini?"

"Ushahidi wangu haujatimia, mwanangu. Nusu ya kwanza ilikuwa juu ya nafsi yangu, nimeitoa, na imeniuma. Nusu ya pili ni kwa ajili yangu na hawa wenzangu. Nikiificha hiyo, nitakuwa nimeficha ushahidi vilevile. Ama Mungu anapenda kweli inapotuumiza tu?"

Mwalimu akasema polepole, "Kweli yote ni yake. Sema."

"Bi Kazija, mwanangu," Bi Somoe akamgeukia mgeni, "hizo pishi mbili uliziomba kwa sababu wewe ni bora?"

Kazija akashtuka. "La, mama. Sikuomba kitu. Mzee aliniuliza kwetu mpigaji hulipwa nini, nikamwambia pishi mbili, kila mmoja, kiongozi na asiye kiongozi. Nilidhani na nyinyi ni hivyohivyo. Nimejua leo, kwa kuwaona nyuso zenu."

"Na sisi tulikuwa hivyohivyo," akasema Bi Somoe. "Wewe Bwanakombo ulikuwa ukitambaa. Ilikuja njaa, ghala la wakfu likawa tupu. Baba yako, Mungu amrehemu, akatukusanya hapahapa tuliposimama, akasema, 'Mama zangu, pokeeni pishi moja badala ya mbili mpaka mvua inyeshe.' Tukasema sawa, kwa moyo mweupe, kwani njaa ilikuwa ya wote. Mvua ikanyesha. Ghala likajaa. Baba yako akafa, ukakalia nafasi yake wewe, na pishi ikabaki moja. Tangu Mashavu aniletee habari nilikuwa nikisema moyoni, mgeni amepandishwa juu yangu. Leo, mle ndani, nimeona. Mgeni hakupandishwa. Ni sisi tulioshushwa, na hatukusema."

Mzee Bwanakombo akawa kama mtu aliyemwagiwa maji. "Nami nilizikuta pishi moja moja," alisema, "nikadhani ndiyo ada. Mama Somoe, miaka yote hii, kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani kunyamaza ni subira."

"Na mimi," akasema yule mzee, na macho yake yakajaa, "nilidhani kunyamaza kwenu ni kuridhika. Tumeusiwa mfanyakazi apewe chake kabla jasho halijamkauka."

"Letu limekauka likaota ukungu!" Mashavu akadakia, ulimi umemrudi. Watu wakacheka huku wakifuta macho.

Mzee Bwanakombo hakucheka. Akasema mbele ya watu wote kwamba tangu siku hiyo kila mpigaji dari wa Kitangani atapewa pishi mbili, mwenyeji na mgeni. Na yale yaliyopita hayatatoka katika wakfu, kwa kuwa wakfu haukukosea. Yatatoka katika shamba lake la minazi alilorithi, mavuno kwa mavuno, mpaka wanawake wenyewe waseme basi, ili baba yake alale kwa raha kaburini. Kisha akamtazama Bi Somoe, akitaraji labda atasema nimesamehe, kama wasemavyo watu wema katika visa.

Bi Somoe akasema, "Nitapokea, mwanangu, na nitakuombea dua kwa kila nazi. Haki haikataliwi kwa haya. Tena kibanda changu mimi kinavuja kuliko chuo."

Katika wanawake wale wapo waliosamehe chao kwa ajili ya marehemu, na Mungu atawalipa. Mashavu hakusamehe hata dafu, na hakuna kitabu kinachosema alikosea.

Asubuhi yake upande wa kibla ukavunjwa. Wanawake wakapanda wote pamoja, mstari mmoja. Wakamngoja Bi Somoe atoe wimbo, kwani alikuwa bado ndiye kiongozi, hakuna aliyemwondoa. Yeye akaenda kwa Kazija, akasimama ubavuni pake upande wa kushoto, mahali pa kuitikia.

"Toa," akamwambia.

"Mimi, mama? Mbele yako?"

"Toa, mwanangu. Mimi nina sauti, wewe una wimbo. Nitauitikia mpaka niujue, kisha nitausaidia ufike sokoni."

Kazija akatoa. *Shuka chokaa, shuka polepole.* Mwanzoni ilikuwa vurugu, vigongo vya Kitangani vilizoea kukimbia, Mashavu alikuwa akitangulia kila mara na kuapa kwamba kigongo chake kina jini. Lakini taratibu mikono ikajifunza kungoja. Na Bi Somoe alipoushika ule wimbo kwa sauti yake kubwa, wanasema chokaa yenyewe ilisikia. Watu hawakusimama njiani siku hizo. Walikuwa wakipita, wakipunguza mwendo bila ya kujua, wakaendelea na safari zao.

Masika ikaja na mvua yake yote. Siku moja inanyesha mno, Bi Somoe akajifunika kanga, akaenda chuoni, akaingia katikati ya darasa. Watoto walikuwa wakisoma kwa sauti juu ya vibao vyao, wino ukiwa bado mbichi. Akaomba radhi, akalivuta benchi, akapanda, akainua kiganja chake hadi darini, akakiweka hapo kitambo kirefu, upande wa mlangoni, kisha upande wa kibla.

Mwalimu akamwuliza, "Bi Somoe, umepoteza kitu huko juu?"

"Natafuta uongo, mwalimu," akasema, akateremka na kiganja kikavu. "Sikuuona."

Mwenyezi Mungu amrehemu mama yule na wenzake, wakosaji na waliokosewa. Ukisikia kwamba mwenzako amepewa zaidi yako, mwanangu, usikimbilie kumpapasa yeye ili umwone ametota wapi. Ingia ndani peke yako, funga mlango, jipapase wewe. Penye unyevu, toka useme. Na penye haki yako iliyosahauliwa, toka useme vilevile, kwa sauti ya kufika sokoni, maana subira ni kuuvumilia ukweli na uchungu wake, wala si kuumeza ukauficha tumboni. Na anayetoa vyote viwili kwa mdomo mmoja, basi mvua na inyeshe, yeye amelala pakavu.